Waya Uliofanywa Kamba

Kila asubuhi, baada ya chai, Mwahija alichukua bomba lake la kunyunyizia maji akaenda stoo. Mlangoni mwa stoo palikuwa na jozi tatu za kandambili, zimepangwa vizuri. Moja ilikuwa yake. Moja ilikuwa ya mumewe, Nuruddin. Na moja ndogo ilikuwa ya binti yao Safiya, mwanafunzi wa darasa la tano. Hakuna aliyeingia stoo bila kandambili. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na sheria yenyewe iliwekwa na fundi.

"Humo ndani kuna umeme kidogo unaotembea," Fundi Akida aliwaambia siku alipomaliza kazi. "Si mkubwa. Unatekenya tu. Ukivaa kandambili haukupati."

Wakacheka. Wakanunua kandambili. Leo ukimkumbusha Mwahija kicheko kile, anasonya na kugeuza uso.

Mwahija na Nuruddin waliishi Katoro, mtaa wa nyuma ya soko. Nuruddin aliuza vipuri vya pikipiki. Mwahija aliuza miche ya nyanya, hoho na kabichi. Zamani aliiotesha uani. Lakini misimu miwili mfululizo inzi weupe waliishambulia. Majani yakajikunja, miche ikafa trei kwa trei. Ndipo Mwahija akaamua kuihamishia stoo. Kilikuwa chumba cha saruji kisicho na dirisha, kilichokuwa cha kuwekea mpunga. Inzi hawakuwa na pa kupita. Lakini jua nalo halikuwa na pa kupita, na mche usiopata mwanga unarefuka, unapauka, mwisho unalala.

Fundi Akida ndiye aliyeleta taa. Alikuwa kijana mchangamfu, anayefunga umeme katika nyumba nyingi za mtaani. Alizipata kwa muuza vyuma chakavu: taa nne kubwa, zilizowahi kumulika mgodini. Na Katoro, kitu kikiitwa cha mgodini, watu hawaulizi swali la pili. Buti za mgodini, ndoo za mgodini, kamba za mgodini, vyote vinagombaniwa.

"Mali ya mgodi haifi, mama," Akida alisema.

Akazining'iniza taa juu ya rafu za chuma zenye trei za miche. Kila taa ilikuwa na choki yake, yaani kile kifaa kizito cha chuma na waya wa shaba kinachoipimia taa umeme wake. Choki zote nne Akida alizipigilia kwenye ubao mmoja, humo humo stoo, juu ya magunia matupu. Akavuta umeme kutoka soketi ya sebuleni kwa ekstensheni. Akawasha. Chumba kikawa kama mchana wa saa saba.

Miche ilisimama vizuri, mifupi na minene. Kikundi kimoja cha wakulima wa Ushirombo kiliweka oda ya trei arobaini za nyanya, wazichukue Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Furaha ilikuwa kubwa. Na kile kitekenyo cha umeme wakakizoea, kama mtu anavyozoea bawaba inayolia.

Jumanne moja, shule zikiwa zimefungwa, mama yake Mwahija, Bi Mwamvua, alifika kutoka Mhunze kuwatembelea.

"Shikamoo bibi!" Safiya alimkimbilia.

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuwa mrefu hivi, unakula nini?"

Kesho yake asubuhi Bi Mwamvua alitaka kuona hiyo miche inayolelewa ndani kama mwari. Mwahija alikuwa jikoni anachemsha maharage. "Nenda tu mama, mlango uko wazi. Nakuja."

Bi Mwamvua akafika mlangoni mwa stoo. Akaona viatu vimepangwa. Sasa niambie, mtu aliyelelewa akiona viatu vimepangwa mlangoni, anafanya nini? Anavua vyake. Bi Mwamvua akavua ndala zake, akaziweka kando ya zile kandambili. Akasema "Bismillahi", akaingia peku. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya kumwagilia. Akainama kutazama miche, na ili asiteleze, akashika rafu ya chuma.

Mwahija alisikia trei zikianguka. Kisha akasikia sauti ya Safiya: "Mama! Bibi amenaswa! Bibi amenaswa na umeme!"

Akaacha mwiko, akakimbia. Alimkuta mama yake amesimama, mkono umeganda kwenye chuma, mwili wote unatetemeka, mdomo wazi bila sauti. Mwahija akanyoosha mikono kumvuta.

"Usimguse!" Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta wa uani. "Mama Safiya, usimguse! Zima meni swichi! Zima meni kwanza!"

Ilikuwa sauti ya jirani yao, Melania. Mwahija alikuwa amebakiza hatua moja tu. Akageuka. Akakimbia hadi barazani, akaishusha meni swichi kwa mkono wote. Nyumba ikazima. Bi Mwamvua akaachiwa na chuma, akaanguka juu ya trei za nyanya.

Nuruddin, aliyekuwa chumbani akijiandaa kwenda dukani, alitokea mbio. Melania naye aliingia anahema, kanga haijakaa sawa kiunoni. Akapiga magoti, akaweka sikio karibu na pua ya mama yule.

"Anapumua. Mlazeni ubavu. Baba Safiya, tafuta bajaji, twende kituo cha afya. Hata akiamka akasema hajambo, tunakwenda. Umeme unaweza kuuvuruga moyo, na mtu anatembea hajui."

Bi Mwamvua alipimwa, akalazwa kwa uangalizi. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua hadi nyama. Daktari alisema angekawia sekunde chache zaidi pale kwenye chuma, maneno yangekuwa mengine. Mwahija alikaa kwenye benchi la nje. Hakulia. Alikuwa na hasira iliyokausha machozi. Sehemu ya hasira ile ilimrudia yeye mwenyewe. Umeme ulikuwa unawatekenya kila siku, na yeye badala ya kuuliza kwa nini, alinunua kandambili.

Asubuhi iliyofuata Akida alikuja nyumbani kutoa pole. Alivua kofia.

"Pole sana, mama. Nimesikitika kweli. Lakini mimi nilisema kuhusu kandambili. Bibi kaingia peku. Hapo kosa si la fundi."

Nuruddin alitazama pembeni. Mwahija alisimama.

"Rudia," alisema.

"Nasema tu, mama, kama bibi angevaa..."

"Mama yangu ana miaka sitini na minane! Hajawahi kukanyaga chumba cha mtu na viatu miguuni. Wewe umefunga umeme unaomwadhibu mtu kwa adabu yake, halafu unakuja hapa, kwangu, kuniambia kosa ni la mama?"

"Si hivyo, mama. Kila mtu hapa Katoro..."

"Kila mtu nani? Nitajie! Tangu lini kandambili ikawa kifaa cha umeme? Uliifunga kwa bisibisi gani?"

"Mama Safiya, shusha sauti," Nuruddin alisema. "Majirani wanasikia."

"Na wasikie! Walisikia mama yangu akitaka kufa, wasisikie hili?"

Kweli jirani alisikia, akaja. Ni yule yule Melania. Alikuwa Msukuma wa Geita, mama mwenye maneno machache. Miaka kumi na mmoja alikuwa fundi umeme katika karakana ya mgodi. Sasa alifanya kazi zake mwenyewe, na leseni yake ya ufundi ameitundika sebuleni kwenye fremu, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Mwahija kwa Kisukuma. "Naomba nione hiyo stoo. Na wewe Akida usiondoke."

Nuruddin akakohoa. "Dada Melania, tunashukuru. Lakini kuna oda ya watu wa Ushirombo. Miche ikikaa gizani itaharibika. Mimi nilifikiri tuwashe kwa saa chache, tufunge mlango kwa kufuli, asiingie mtu."

Mwahija alimgeukia mumewe taratibu. "Na wewe utamwagilia ukiwa wapi? Utapuliza maji kupitia tundu la ufunguo?"

Nuruddin akamgeukia Melania.

"Miche itolewe uani, chini ya kivuli," Melania alisema. "Ifunikeni kwa neti ile ya kuzuia wadudu. Siku tatu nne haitakufa. Taa haziwaki."

Wakatoa trei zote. Kisha Melania akaenda kwenye meni swichi. Ilikuwa imezimwa tangu jana. Akaizungushia tepu, akabandika karatasi: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Ndipo akaingia stoo na mita ya kupimia umeme. Akapima soketi, akapima rafu, akapima choki.

"Umeme umezimwa, unapima nini tena?" Nuruddin aliuliza.

"Napima kwa sababu swichi ikiharibika inaweza kuonekana imezima na haijazima. Na unaona hiki kikopo cheupe kando ya choki? Hiki ni kapasita. Kinaweka akiba ya umeme. Ukizima taa, akiba inabaki humo dakika kadhaa. Ukikishika haraka, kinakupiga. Kwa hiyo unazima, unasubiri, kisha fundi anaimaliza ile akiba kwa kifaa chake na anapima tena. Haimalizwi kwa kugusisha bisibisi."

Akida alitazama chini. Yeye alizoea bisibisi.

"Sasa tusome," Melania alisema. "Taa hii imeandikwa wati mia nne. Akida mdogo wangu, choki yake imeandikwaje?"

Akida akainama, akafuta vumbi kwa kidole. "Mia mbili hamsini."

"Na hii ya pili?"

"Kibandiko hakipo."

"Kibandiko hakipo. Sasa ulijuaje kuwa inaifaa taa hii?"

"Nilijaribu. Ikawaka."

Mwahija akapiga kofi paja lake mwenyewe. "Alijaribu! Kwenye nyumba yenye mtoto, alijaribu!"

"Choki inaipimia taa umeme," Melania aliendelea. "Choki ikiwa kubwa kuliko taa, taa inapewa umeme kupita kiasi. Inachemka, inaweza kupasuka, vioo vikamwagikia mtu. Choki ikiwa ndogo, taa haitoi mwanga wake, na miche inapunjwa. Tena si wati peke yake. Kuna taa ya mwanga wa rangi ya chungwa, kuna taa ya mwanga mweupe. Kila moja ina choki ya aina yake na kiwashio cha aina yake, hiki kidude kidogo kinachoishtua taa mpaka iwake. Unasoma aina, unasoma wati, unasoma volti. Visipolingana, hufungi. Na kama kibandiko hakisomeki, hununui."

"Lakini ni za mgodini," Nuruddin alisema.

Melania alicheka kwa uchungu. "Baba Safiya, mimi nilikuwa mgodini. Unajua kwa nini vitu hivi viko kwa muuza vyuma chakavu? Kwa sababu tulivitupa! Vilikuwa vimekwisha. Mtu anaokota kilichotupwa, anakiuza kama dhahabu."

Akaung'oa ubao wa choki ukutani. Upande wa nyuma ubao ulikuwa mweusi. Mwahija akapitisha kidole, kikatoka na masizi.

"Choki ikifanya kazi inachemka," Melania alisema. "Imepigiliwa kwenye mbao, zote zimebanana, na chini kuna magunia. Ubao umeanza kuungua taratibu. Mngekuja kuamka na moto."

Kisha akapanda kwenye kigoda, akatazama taa ya kwanza kwa tochi. Akazifuata nyaya moja moja hadi kwenye rafu. Aliposhuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Safiya, unaona kamba hii iliyoshikilia taa? Unajua ni nini?"

Mwahija akaangalia. Alikuwa akiiona kila siku. Ilikuwa kamba ya rangi mbili, kijani na njano. Aliiona inapendeza.

"Ni kamba ya kuning'inizia."

"Si kamba. Ni waya wa ethi. Kebo ya umeme ina nyaya tatu. Mmoja unaleta umeme, mmoja unaurudisha. Huu wa tatu, wa kijani na njano, haufanyi kazi mpaka siku ya hatari. Umeme ukivuja ukagusa bati la taa, waya huu unaubeba moja kwa moja hadi ardhini, na breka, ile swichi inayojizima yenyewe, inakata. Umewekwa kwa ajili ya kumlinda mtu. Akida ameutoa kwenye kebo akaufanya kamba. Tena ili fundo lishike, ameumenya ncha zote mbili. Shaba moja ameifunga kwenye bati la taa, nyingine kwenye rafu ya chuma. Na pale juu, maungio ya nyaya aliyafunga kwa nailoni. Mwanzo umeme ulikuwa unavuja kidogo tu, ndiyo maana mlitekenywa; sasa nailoni imeyeyuka kwa joto, na ule waya unaoleta umeme umegusa bati. Umeme ukapita kwenye kamba hii, ukaja kwenye rafu, mama akaushika."

Mwahija aliutazama ule waya.

"Yaani waya wa kumwokoa mama yangu ndio nusura umuue?"

"Ndiyo."

"Akida, ulijua?"

"Wallahi sikujua, mama. Wengi tunaukata tu. Tunajua ni waya wa ziada. Nyumba nyingi zenyewe hazina ethi, sasa utaufunga wapi?"

"Kama nyumba haina ethi, unaiweka," Melania alisema. "Au unaikataa kazi. Leseni yako iko wapi?"

Akida hakuwa na leseni. Alijifunza kwa kumshikia ngazi binamu yake.

"Na mimi sikuiomba," Mwahija alisema. Hilo lilimuuma kuliko yote. "Kitambulisho cha mtu anayenunua miche kwangu nakitazama. Fundi wa kufunga umeme nyumbani kwangu nilimpokea kwa sababu ana maneno mazuri."

Kazi ilichukua siku tatu. Mwahija alitaka Akida asikanyage tena pale. Melania ndiye aliyemkatalia.

"Nikimfukuza, kesho atafunga vile vile kwa mwingine. Abaki. Abebe, aone, aulize. Lakini kufunga nafunga mimi."

Akida akabaki. Siku ya kwanza alichimba nyuma ya nyumba, fimbo ya shaba ikazamishwa ardhini na kuungwa kwa waya hadi kwenye boksi la umeme. Melania akaipima kwa mita kuona kama kweli inapokea umeme, maana fimbo iliyosimama kwenye changarawe kavu inaweza kuwa pambo tu. Ekstensheni ikatupwa. Stoo ikavutiwa laini yake peke yake, yenye kebo nene ya nyaya tatu na breka yake.

"Taa moja na choki yake inakula umeme wa kutosha, na wakati wa kuwaka inakula zaidi," alimweleza Nuruddin. "Ziko nne. Ile ekstensheni ya kuchajia simu ilikuwa inachemka kama pasi, nyie mkaiwekea zulia juu."

Karibu na breka ile akafunga breka nyingine yenye kitufe kidogo cha kujaribia. "Hii ni ya uvujaji. Ile ya kwanza inakata umeme ukizidi. Hii inakata umeme ukitoroka hata kidogo, kabla haujamuumiza mtu. Kila mwezi unabonyeza kitufe. Ikikata, ni nzima. Isipokata, unaniita, na taa hamuwashi."

Siku ya pili walifunga choki mpya, zenye vibandiko vinavyosomeka, kila moja na taa inayolingana nayo. Safari hii hazikuingia stoo kabisa. Melania alizifunga ukutani kwenye korido, juu ambako maji hayafiki, kila moja ndani ya kasha lake la bati lenye matundu ya hewa, zimeachana shibiri mbili. Alisoma kwanza kibandiko cha kiwashio, kinachosema taa inaweza kuwa umbali gani kutoka hapo, kwa sababu waya ukiwa mrefu mno taa haiwaki. Maungio yote aliyaweka ndani ya maboksi, kwa konekta za kukaza. Kila kasha, kila taa na kila rafu vikapata waya wa kijani na njano.

Na taa zikaning'inizwa kwa minyororo.

"Kuna mengine ni ya kwenu, si ya fundi," alisema siku ya tatu. "Msinyunyize maji taa zikiwa zinawaka au bado za moto. Kioo cha moto kikipata tone kinapasuka. Zimeni, subirini zipoe, ndipo mmwagilie. Taa ikizimika ghafla, msiichezee swichi. Inataka dakika kumi na tano ipoe ndipo iwake tena. Na siku mtu yeyote akisema anatekenywa, hata mtoto, mnazima siku hiyo hiyo."

Akawasha. Taa zikaanza hafifu, zikapanda taratibu, zikajaa. Melania akapima rafu kwa mita. Sifuri. Akampa Akida mita. Sifuri.

Mwahija hakutabasamu. Alikuwa anamtazama Akida.

"Umefunga taa za hivi nyumba ngapi?"

"Mbili zaidi. Kwa kinyozi, na kwa Dorah wa vifaranga."

"Chukua tochi."

"Sasa hivi, mama?"

"Ulitaka tusubiri nani?"

Kwa kinyozi walikuta umeme umezimwa. Wakamweleza, naye akaing'oa ekstensheni mbele yao. Kwa Dorah walikuta taa mbili zikiwapasha vifaranga joto. Banda lilikuwa la wavu wa chuma, limeegemea ukuta wa jikoni. Dorah alikuwa amechutama hatua moja kutoka kwenye wavu, anamwogesha mtoto wa miezi minane kwenye beseni. Maji yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye nguzo za banda. Mtoto alikuwa anachezea maji, anarusha mikono.

Melania hakusalimia. Alinyoosha mita hadi kwenye wavu. Namba zikapanda.

"Dorah," alisema polepole, "mchukue mtoto, utoke nje. Usiguse banda."

Akida alikuwa amekwishakimbilia meni swichi. Aliizima, akarudi akiwa amelowa jasho usoni. Dorah alisimama uani na mtoto kifuani akitiririka maji, mwenyewe haelewi.

"Kuna nini? Nimefanya kosa gani mimi?"

"Hujafanya kosa," Akida alisema. "Mimi ndiye niliyefunga. Kosa ni langu."

Mwahija alisikia. Hasira haikumwisha, lakini aliona kwamba kijana yule sasa amejua alichokuwa anakifanya. Mwezi huo Akida alianza kutembea na Melania kazini kila siku, akijiandaa kwenda chuo cha ufundi. Hapokei tena kazi ya peke yake.

Watu wa Ushirombo walikuja Jumamosi yao, wakachukua trei zao thelathini na saba na kusamehe tatu zilizovunjika.

Wiki sita baadaye Bi Mwamvua alirudi kutoka Mhunze. Kiganja kilikuwa kimepona, ngozi mpya ikiwa laini na ya waridi. Aliingia stoo mchana, pamoja na Mwahija, kuangalia miche ya hoho. Hawakujua kwamba kwa mvua ya usiku uliopita bati la paa lilikuwa limeanza kuvuja, na maji yalikuwa yakidondoka juu ya bati la taa ya tatu, tone kwa tone, yakiingia kwenye holda, pale taa inapochomekwa. Bi Mwamvua akainama kutazama. Akashika rafu.

Tap!

Giza likaingia. Mwahija aliruka. "Mama! Mama!"

"Niko hapa," mama yake alijibu. "Mbona unapiga kelele? Mmeishiwa luku?"

"Umeshika nini? Mama, mkono wako uko wapi?"

"Nimeshika chuma hiki. Baridi tu."

Mwahija akapapasa gizani, akaukuta mkono wa mama yake, mzima, umetulia juu ya rafu. Akaushika kwa mikono miwili. Hapo ndipo machozi yaliyokauka siku ile yalipotoka, na hasira ikatoka nayo. Waya mmoja na breka inayoenea kiganjani! Vitu hivyo vilikuwa dukani pale sokoni siku zote, na hakuna aliyewaambia.

"Wabheja, Melania," alimshukuru kwa sauti, kwa Kisukuma, ingawa Melania hakuwepo. Kisha akamshika mama yake mkono, wakatoka nje kwenye mwanga kumwita Melania aje aikague taa, na fundi wa bati aje azibe paa.